Safari ya Kumaliza Shule, na Kizuizi cha Isiolo

Japani, mwanafunzi wa chuo akimaliza mitihani anapanga begi. Mahafali ni Machi, kazi inaanza Aprili, na kabla ya hapo kuna wiki chache ambazo si za mwalimu wala za bosi. Anasafiri na marafiki, wengine hadi ng'ambo. Wanaiita sotsugyō ryokō, safari ya mahafali.

Usidhani walizaliwa na uhuru huo. Safari za shule za huko zilianza mwaka 1886, wanafunzi wa ualimu wa Tokyo walipotembezwa kwa miguu hadi Choshi, kama jeshi. Na Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa kwenda kutalii ng'ambo hadi 1964. Mlango ulipofunguliwa ndipo vijana wakaanza kupita.

Sasa njoo Isiolo, mji ambao wenyewe ulikuwa mlango.

Kwa sheria ya Mwingereza ya 1902, eneo la kaskazini lilifungwa: kuingia na kutoka ni kwa kibali. Ya 1934 ikaongeza nguvu za kukamata watu na mali yao. Kizuizi kikawekwa hapa Isiolo, na ndiyo maana mpaka leo utasikia wazee wakielekea Nairobi wakisema, "Naenda Kenya." Sio mzaha.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi huohuo, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta vikaisha 1967, lakini sheria zake maalum zikabaki hadi 1991. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa Isiolo mwaka wa Uhuru alifika miaka 28 zikiwa bado zipo. Huyo angepanga safari gani ya kumaliza shule?

Barabara nayo ilikuwa stori nyingine. Kutoka Moyale ulipanda juu ya lori, na mizigo au ng'ombe, ukala vumbi siku mbili tatu. Siku hizi ni lami, karibu kilomita 500, na basi linafika kwa siku moja.

Lakini lami haitoshi bila kitambulisho. Kwa miaka mingi, kijana Msomali au Mborana akifika miaka 18 aliitwa mbele ya kamati athibitishe kwamba yeye ni Mkenya. Mwenzake wa Meru, mwendo wa kama saa moja tu, hakuulizwa hivyo. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuuondoa uhakiki huo wa ziada. Tuangalie kama afisa wa dirishani naye amesikia.

Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo safari ya mahafali sidai. Ila wewe unayemaliza Fomu Foo, mkichanga nauli na wenzako, msikimbilie Mombasa pekee. Pandeni basi la Marsabit. Mkiketi karibu na mzee, muulizeni zamani alipita hapa Isiolo na karatasi gani.