Kuziba Ateri ya Ini: Historia Fupi ya Tiba ya Uvimbe wa Saratani, 1953–2002

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Takribani robo tatu huletwa na mshipa utokao utumboni, na sehemu iliyobaki huletwa na ateri. Mwaka 1954, watafiti Breedis na Young wa Marekani walionyesha kwamba uvimbe wa saratani ndani ya ini hulishwa zaidi na ateri. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa tiba inayojadiliwa hapa: ateri ikizibwa, uvimbe hukosa chakula, ilhali ini huendelea kulishwa kwa njia ya pili.

Utekelezaji wake ulihitaji kifaa. Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi alikuwa ameeleza namna ya kuingiza katheta katika ateri kwa kutanguliza sindano na waya, bila kupasua. Kwa kutumia njia hiyo, Doyon na wenzake nchini Ufaransa walichapisha mwaka 1974 taarifa ya kuziba ateri ya ini lenye saratani. Huko Osaka, Japani, Ryusaku Yamada na wenzake waliambatanisha vipande vya sponji ya jelatini na dawa za saratani. Mwaka 1983 walitoa taarifa ya wagonjwa 120 ambao uvimbe wao haukuweza kuondolewa kwa upasuaji.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani hii huwa na ini lililokwisha kudhoofishwa na makovu, hivyo kuziba eneo kubwa kuliwahatarisha. Jaribio la Ufaransa la mwaka 1995, lililohusisha wagonjwa 96, lilibainisha kwamba tiba ilipunguza kasi ya ukuaji wa uvimbe, lakini mara nyingi ilifanya ini lishindwe kazi ghafla, na haikuthibitika kurefusha maisha.

Suluhisho lilipatikana kwa kuweka mipaka. Mwaka 1993, Osamu Matsui na wenzake wa Kanazawa walieleza jinsi ya kutibu uvimbe mdogo kwa kufikisha katheta nyembamba sana kwenye kitawi kinachoulisha, na kuacha sehemu kubwa ya ini bila kuguswa. Mwaka 2002, jaribio la Barcelona lililoongozwa na Llovet na Bruix liliteua kwa uangalifu wagonjwa 112 ambao ini lao lilikuwa bado na nguvu. Baada ya miaka miwili, asilimia 63 ya waliozibwa ateri pamoja na kupewa dawa walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wasiozibwa.

Kwa hiyo, takribani nusu karne ilipita kati ya ugunduzi wa Breedis na Young na uthibitisho wa manufaa yake kwa mgonjwa. Muda huo ulitumika kujifunza ni nani azibwe, na azibwe kwa kiasi gani.