Pauni 10 na meza ya jikoni: maua ya Laura Ashley yalikotoka

Mwaka 1953, katika nyumba ndogo ya kupanga mtaa wa Pimlico, London, mke na mume walitoa pauni 10 wakanunua mbao za kutengenezea fremu, rangi, na yadi chache za kitani. Mke, Laura Ashley, alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi katika makao makuu ya Women's Institute, shirikisho la vikundi vya wanawake wa vijijini. Mume, Bernard, alikuwa mtu wa mashine. Duka hawakuwa nalo, na karakana yao ilikuwa meza ya jikoni.

Kilichomsukuma Laura kilikuwa kitu kidogo sana. Shirikisho lake lilikuwa limeandaa maonyesho ya kazi za mikono kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, naye alipoyatembelea aliona mifarishi ya viraka ya kizamani. Kazi ile hakuwa mgeni nayo, kwani bibi yake huko Dowlais, kusini mwa Wales, alikuwa amemfundisha kushona viraka tangu utotoni. Akatamani kushona wa kwake. Akazunguka madukani kutafuta vitambaa vya maua madogo kama yale ya enzi za Malkia Victoria, asivipate.

Mtu asiyeshona huenda asione ugumu uko wapi. Kiraka cha mfarishi hakizidi ukubwa wa kiganja. Ua likiwa kubwa, mkasi hulikata katikati, na kirakani hubaki pande la jani au nusu ya petali. Ua dogo lililochapwa kwa kukaribiana hubaki zima hata kwenye kiraka kidogo. Uingereza ya miaka ile, baada ya vita, ilikuwa imegeukia michoro mikubwa ya kisasa. Kitambaa maarufu cha Calyx, alichokibuni Lucienne Day mwaka 1951, kilikuwa na maumbo makubwa yaliyotosha kujaza pazia. Kwa mshona viraka hakikufaa kitu. Ndipo Laura akaamua kuvichapa mwenyewe.

Njia waliyotumia ilikuwa ya skrini. Hariri huvutwa ikaze juu ya fremu ya mbao, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi zikazibwa, kisha fremu hulazwa juu ya kitambaa na rangi ikasukumwa kwa kipande cha mpira kutoka upande mmoja hadi wa pili. Fremu huinuliwa, husogezwa hatua moja, hulazwa tena. Ikikosewa kwa upana wa uzi tu, maua hupandana na yadi nzima huharibika. Kila rangi huhitaji skrini yake, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo huchagua michoro ya rangi moja au mbili. Naamini sura ile tuliyokuja kuiita ya Laura Ashley, rangi moja tulivu juu ya kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa, ilianzia hapo, kwenye uhaba, kabla ya kuwa mtindo.

Bidhaa za kwanza zilikuwa vitambaa vya mezani, taulo za kufutia vyombo na skafu ndogo za mraba. Skafu ndizo zilizowatoa. Mwaka huohuo filamu ya Roman Holiday ilimwonyesha Audrey Hepburn akiwa na skafu ndogo shingoni, na wasichana wakaanza kuitafuta. Maduka makubwa kama John Lewis yakatoa oda.

Maua yenyewe yalikuwa na safari ndefu kuliko hiyo. Wakulima na mafundi wa pwani ya Koromandeli, India, ndio waliojua kuifanya rangi ishike pamba isitoke hata kwa kufuliwa, kwa kutumia shabu na mizizi ya mimea. Karne ya 17 nguo hizo za maua ziliingia Ulaya kwa wingi mpaka wafumaji wa sufu na hariri wakalia. Ufaransa ikazipiga marufuku mwaka 1686. Uingereza ikafuata kwa sheria mbili, na ile ya mwaka 1721 ilikataza hata kuzivaa; haikufutwa mpaka 1774. Mwaka 1783 Thomas Bell wa Uskoti akapata hataza ya kuchapa kwa rola, na katika karne iliyofuata Manchester ikawa inauza maua ya kuchapwa duniani kote. Mwambao wetu nao ulipokea vitambaa vya viwanda vya Ulaya, na inasimuliwa kwamba kanga ilianza pale wanawake waliponunua leso za kuchapwa na kuziunga kwa sindano ziwe nguo moja. Kazi ya Laura, basi, ilikuwa kuzirudisha nguo ambazo babu zake walikuwa wamezichukua kwa wengine, naye alizirudisha kwa uangalifu mkubwa: alikusanya vitambaa vikuukuu na vitabu vya michoro, akavisoma, akapunguza hapa, akabadili rangi pale.

Safari haikuwa ya mteremko. Walipohamia Kent, mafuriko ya mwaka 1958 yaliwaharibia vifaa. Baadaye wakahamia Wales, na mwaka 1961 wakafungua duka katika mji mdogo wa Machynlleth, ambako aproni na nguo za bustanini ziliuzwa pamoja na asali na fimbo za kutembelea. Kiwanda kikawa katika kijiji cha Carno, baadaye katika kituo cha reli kilichokwisha kufungwa. Bernard alijenga mashine za kuchapa kitambaa mfululizo, na wanawake wa eneo lile wakapata ajira ya cherehani. Ijumaa kazi iliisha mapema ili wafanyakazi wawahi mambo ya nyumbani.

Kisha likaja gauni refu la pamba, shingo ya juu, marinda, maua madogo kila mahali. Duka la Fulham Road, London, mwaka 1970 liliuza magauni 4,000 kwa wiki moja. Laura alifariki Septemba 1985, baada ya kuanguka ngazini alipokuwa ametimiza miaka 60, wakati maduka yamezidi 200. Miezi miwili baadaye hisa za kampuni zikauzwa kwa umma.

Kwangu mimi, nguvu ya biashara ile ilikuwa ukaribu: aliyechagua ua na aliyelichapa walikula meza moja. Ukaribu huo haukuuzwa pamoja na hisa. Wamiliki walibadilika, ushonaji ukahamia nchi za mbali, na Machi 2020 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Magauni ya Carno hayakufa nayo. Wauzaji wa nguo za zamani hufunua kola kwanza kutazama lebo, maana yaliyoshonwa Wales katika miaka ya 1970 bei yake ni nyingine kabisa. Yaliyochakaa yasiyovalika tena hununuliwa na washona mifarishi, ambao huyakata viraka.