"Hiyo Ni Picha Tu, Twende Mbele"

Form two, kwa kitabu chetu cha histo, kulikuwa na katuni moja: jamaa mkubwa ajabu amesimama juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Cairo, mwingine Cape Town. Mwalimu akasema, "Hiyo ni picha tu, twende mbele." Tukaenda mbele. Tukakariri Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, tukapita mtihani, tukasahau.

Juzi nimeirudia hiyo katuni. Wasee, haikuwa picha tu.

Huyo jamaa ni Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na wakati huo waziri mkuu wa koloni la Cape. Alichorwa na Edward Linley Sambourne, katuni ikatoka kwenye Punch, jarida la vichekesho la London, Desemba 10, 1892. Rhodes alikuwa ametangaza mpango wa kuvuta waya wa telegrafu kutoka Cape Town hadi Cairo. Sasa angalia mikono yake: ameinyoosha, ameshika huo waya. Angalia begani: bunduki. Mchoraji ameviweka viwili hivyo kwa mwili mmoja, na hakuhitaji kukueleza.

Hapo ndipo maswali yanaanza. La kwanza: ilichorewa nani? Zamani kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, kilikuwa na sanamu kubwa sana, na hadithi zilisema ilitanua miguu juu ya bandari. Msomaji wa London aliyesoma shule angeshika huo utani wa jina mara moja. Sisi hatukuwa kwenye hesabu.

La pili: inamsifu Rhodes ama inamcheka? Ni jitu la kuogopwa, lakini pia linachekesha. Mimi naona yote mawili. Wewe unaweza kubisha, na darasa likibishana hapo nusu saa, hiyo ndiyo histo.

La tatu ndilo lilinigonga: nani hayuko? Bara zima, hakuna mtu mwingine hata mmoja. Na mwaka huo Lobengula alikuwa mfalme wa Wandebele. Menelik alikuwa anatawala Ethiopia. Mwaka uliofuata, 1893, kampuni ya Rhodes ikampiga vita Lobengula na kuchukua nchi yake. Menelik naye akawashinda Waitaliano pale Adwa, 1896. Waya wenyewe haukuwahi kufika Cairo. Lakini ukiangalia katuni peke yake utadhani Afrika ilikuwa shamba tupu linangoja mwenyewe. Ukicheka bila kuuliza, ushakubali nusu ya hoja.

Kwa hivyo walimu, tafadhali: wekeni katuni ubaoni, mnyamaze kidogo. Mwanafunzi ataje kwanza anachoona, halafu aulize ni ya nani, inataka nini, imemficha nani. Tarehe zitakuja zenyewe.

Na mtu asiniambie ni mchezo. Desemba 2024, hapa Nairobi, mchoraji kijana alitoweka baada ya katuni zake za kivuli kumhusu rais kusambaa mtandaoni. Alipatikana Januari 2025. Nchi nzima ilikuwa inaongea kuhusu vivuli vyeusi kwenye karatasi nyeupe.

Hata hizo, kuna mahali mwalimu angesema ni picha tu.