Wilaya ya Wanging'ombe: Ardhi, Watu na Utajiri wa Misitu

Wanging'ombe ni mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Njombe, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Makao makuu ya wilaya yapo Igwachanya. Mkoa huu unajulikana kwa miti kuliko karibu zao lingine lolote, na waamini wengi wa parokia zetu wamesomesha watoto, wamejenga nyumba na kugharamia matibabu kwa fedha za mbao. Ni vema basi kufahamu utajiri huo ni wa namna gani, na una mipaka gani.

Sura ya nchi

Wilaya ina sura mbili. Upande wa kusini na magharibi kuna nyanda za juu, zinazopanda kuelekea Milima ya Kipengere. Huko kuna baridi na ukungu, mvua ni ya kutosha, na wakulima hupanda viazi mviringo, ngano, mahindi na, katika miaka ya karibuni, maparachichi. Upande wa kaskazini nchi inashuka kuwa tambarare kavu, ambako alizeti, mtama na karanga huvumilia zaidi. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Wakati wa kiangazi, kaya nyingi hutegemea vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kwa unyevu wa chemchemi.

Kwa hiyo watu wa tambarare huishi kwa maji ya milimani. Mito ya Mbarali na Kimani hutelemka kutoka safu ya Kipengere kwenda Bonde la Usangu, kisha huingia Ruaha Mkuu, mto unaojaza bwawa la Mtera na kuchangia umeme wa taifa. Sehemu ya safu hiyo inalindwa na Pori la Akiba la Mpanga/Kipengere.

Watu wake

Wenyeji wengi ni Wabena, wakiishi pamoja na Wahehe, Wakinga, Wasangu na wengineo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 161,816 wilayani. Kwa mkoa mzima walikuwa 702,097, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 889,946. Ongezeko hilo ni la takriban asilimia 27, chini ya lile la taifa lililofikia asilimia 37 hivi. Vijana wengi huondoka kutafuta kazi mijini na mashambani kwingine, kama babu zao walivyokwenda kwenye mashamba ya mkonge.

Jambo jingine lisifichwe. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wanawake 372,738 na wanaume 329,359. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–2012 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani waliishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichozidi mikoa yote. Nyuma ya takwimu hizo wapo wajane, yatima, na bibi wanaolea wajukuu. Kwa kaya ya namna hiyo, ekari mbili za miti ndiyo benki yake.

Miti ya kupandwa

Miti ya biashara ni ya aina tatu hasa. Miwati ilienea baada ya kampuni ya TANWAT kuanzishwa Njombe mwaka 1949, ikitengeneza dawa ya kulainishia ngozi kutokana na magome. Misindano hutoa mbao, na mikaratusi, ambayo wengi huiita milingoti, hutoa nguzo na mirunda. Tangu mwaka 2014, programu ya Panda Miti Kibiashara, kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ilisaidia wakulima kuunda vyama na kupata mbegu bora.

Msindano unahitaji karibu miaka 18 au zaidi ili kutoa mbao imara. Hata hivyo, mwingi huuzwa ungali mchanga, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Mnunuzi huangalia shamba kwa jicho, hutaja bei ya jumla, na mwenye shida hukubali. Hasara huwa kubwa zaidi pale ardhi yenyewe inapouzwa, maana mti hupandwa tena lakini ardhi hairudi. Mjane akumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati miliki ya kimila humlinda.

Misitu ya asili na chemchemi

Shamba la miti si msitu. Mkaratusi hukua haraka kwa kunywa maji mengi, na ukipandwa bondeni hukausha kinyungu cha jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Wazee walilijua hilo kabla ya sheria: misitu ya mila kama Nyumbanitu haikuguswa kwa shoka.

Nchi nyingine zimejifunza kwa kuchelewa. Costa Rica, huko Amerika ya Kati, ilipoteza sehemu kubwa ya misitu yake, kisha kuanzia miaka ya 1990 ikaanza kuwalipa wenye ardhi wanaotunza misitu na vyanzo vya maji. Leo zaidi ya nusu ya nchi hiyo ina misitu tena.

Wajibu wetu

Katika waraka *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwetu, mafundisho hayo yana sura ya kila siku: kupima miti kabla ya kuuza na kuuza kupitia chama, kuchimba barabara za moto kabla ya kuandaa mashamba, kuondoa milingoti kwenye vyanzo vya maji na kupanda mikuyu na mizambarau pori, na kikao cha ukoo kisichogawa shamba la marehemu bila kumsikiliza mjane. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuanza na chemchemi moja iliyo karibu nazo.