Shupavu 291

Shupavu 291 ni huduma ya masomo kwa ujumbe mfupi wa simu, iliyobuniwa nchini Kenya na kampuni ya Eneza Education na kupatikana kwenye mtandao wa Safaricom. Ililenga wanafunzi wa shule za msingi na sekondari wasio na kompyuta wala simu janja. Hata simu ya kawaida, ile ya "mulika mwizi", ilitosha.

Mwanafunzi alipiga *291#, akachagua darasa na somo, kisha akatumiwa maelezo mafupi yaliyofuatwa na maswali ya kuchagua jibu, naye akajibu kwa herufi moja tu. Jambo lilipomshinda, aliweza kumwandikia mwalimu swali lake na kusubiri jibu.

Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160 pekee, na hapo ndipo penye ugumu, hasa katika masomo ya lugha. Ngeli, nyakati za vitenzi, methali na msamiati huenea humo bila taabu. Insha haienei, sembuse matamshi ya Kiingereza, ambayo hayafundishiki kwa maandishi hata yawe marefu vipi. Kwa hiyo huduma ya aina hii hufaa zaidi kwa marudio kuliko kumwanzisha mtu lugha mpya.

Haja yake ilidhihirika Machi 2020, Kenya ilipofunga shule kwa sababu ya UVIKO-19, na masomo ya runingani na mtandaoni yasifike kila nyumba. Eneza ilipeleka huduma kama hiyo Ghana na Côte d'Ivoire pia.