Mipira Hamsini ya Aasif Karim

Bagamoyo si mji wa kriketi. Mjerumani aliufanya makao yake makuu hadi mwaka 1891, kisha akahamia Dar es Salaam. Na Mwingereza, ambaye ndiye mwenye mchezo, alipoutwaa mwaka 1916 aliikuta biashara kubwa imekwisha kuhama nayo. Mchezo ukaota mizizi kwingine: Mnazi Mmoja kule Unguja, Gymkhana na Annadil Burhani jijini Dar es Salaam, na Mombasa. Hata hivyo ni Bagamoyo, kwenye baraza moja ya kahawa isiyo mbali na soko la samaki, nilikousikia ubishi mkali kuliko yote kuhusu swali hili: katika warushaji wote wa mpira wa kriketi, mkubwa wao ni nani?

Mzee mmoja aliyewahi kuishi Upanga alimshika Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, asimwachie. Hoja yake ilikuwa hesabu tu: wiketi 800 katika mechi za Test, kati ya 1992 na 2010, na hakuna aliyemfikia. Jirani yake akamtaja Shane Warne wa Australia, mwenye 708, akaongeza kwamba mkono wa Muralitharan ulitiliwa shaka na mwamuzi kule Melbourne mwaka 1995. "Mkono alizaliwa nao, bwana," akajibu mzee, "au wewe kiwiko chako ulikichagua?" Kikombe kikamwagika. Mimi nilijaribu kumleta Sydney Barnes, Mwingereza wa kale aliyepata wiketi 189 katika mechi 27 tu, wa mwisho kucheza 1914. Walinitazama kama mtu aliyeleta shairi la marehemu kwenye mashindano ya walio hai.

Ndipo kijana wa kuuza kashata akauliza: "Na sisi, mzee wangu, hatuna wetu?"

Msomaji mpenzi, swali hilo limenikaa moyoni kuliko ubishi wote. Kwa mizani ya wiketi za Test sisi hatumo kabisa, kwa kuwa hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyopata kupewa hadhi ya kucheza Test. Hatukushindwa katika mizani hiyo, hatukupandishwa. Timu ya Afrika Mashariki ilikwenda Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, mwaka 1975, ikacheza mechi tatu na kufungwa zote. Miongoni mwa warushaji wake alikuwamo mwandishi, John Nagenda wa Uganda, aliyecheza na New Zealand akapata wiketi moja. Baadaye alitunga riwaya. Mshairi yeyote atanisamehe nikimtaja kwa upendeleo.

Wetu mkubwa, kwa rai yangu, ni mtu wa Mombasa. Aasif Karim alizaliwa tarehe 15 Desemba 1963, siku tatu baada ya Kenya kujitawala. Alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira wa kuzunguka. Aliwahi pia kuichezea Kenya tenisi katika Kombe la Davis. Aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, akastaafu, akaitwa tena kwa ajili ya lile la 2003 akiwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, bingwa wa dunia. Kenya ilipata mikimbio 174 tu. Adam Gilchrist akaanza kuipiga mipira kama mtu mwenye miadi kwingine, na Australia ikapita mia moja kwa wiketi mbili. Karim akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, nahodha, kwa mguu uliokinga wiketi. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg kwa kuudaka mwenyewe mpira alioupiga. Alirusha mipira 50, akatoa mikimbio 7, wiketi 3, na ova sita hazikuzaa hata mkimbio mmoja. (Waingereza huiita ova ya namna hii mwanamwali. Nimehangaika nayo sana kama mfasiri. Mwanamwali sikumtaka, na tasa ni neno lenye kuumiza. Nimebaki na ova kavu.) Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Karim, wa upande ulioshindwa.

Watu husema Karim hakuwa na mwendo wa kasi wala mizungu ya ajabu. Kweli. Alichokuwa nacho ni mizani, kwa maana tuijuayo sisi: kila mpira ulitua pale pale palipotakiwa, na mpigaji akakosa pumzi ya kuvunja kina.

Wapo wengine. Collins Obuya alipata wiketi 5 kwa mikimbio 24 mjini Nairobi, Februari 2003, Kenya ikaifunga Sri Lanka ambayo Muralitharan mwenyewe alikuwamo. Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alitoa mikimbio 4 tu katika ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea, Juni 2024. Na yuko Maurice Odumbe, aliyepata wiketi 3 kwa mikimbio 15 siku Kenya ilipoiangusha West Indies mjini Pune, tarehe 29 Februari 1996. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na wacheza kamari. Mzee wa Upanga hataki hata kulisikia jina lake. Mimi naliacha katika orodha. Mipira ya Pune ilirushwa, na Lara na wenzake walitolewa wote kwa mikimbio 93.

Nilipomtaja Karim barazani, mzee alinikatiza: siku moja si maisha, na wiketi zake 27 katika mechi 34 za kimataifa haziingii kwenye daftari la wakubwa. Sina jibu la hesabu. Nilimuuliza tu ni nani katika wale wakubwa aliyewabana Australia wa 2003 kiasi kile. Alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine, akamweka Karim nafasi ya tatu, nyuma ya Warne. Kijana wa kashata hakuridhika.

Siku tano baada ya mechi ile, mjini Durban palepale, Kenya ilifungwa na India katika nusu fainali kwa mikimbio 91. Karim akastaafu tena, na mara hii hakuitwa.