Jicho la Wavu, Jicho la Fotoni

Asubuhi ufukweni mwa ziwa, Kalemie, mvuvi hupitisha vidoleni wavu wa ndakala, samaki wadogo, akitafuta mahali palipokatika. Tundu moja la wavu ni jicho. Macho yakiwa makubwa, ndakala wote wanapita. Neno hilo ndilo ningependa tulitumie kwa kile ambacho wengi huandika "pikseli", kisehemu kimoja cha kifaa kinachopokea mwanga.

Fotoni ni punje ya mwanga. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba mwanga hubeba nishati kwa mafungu. Jina fotoni likaenea baada ya 1926. Fungu moja ni dogo mno: wati moja ya mwanga wa kijani humwaga fotoni zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja kila sekunde. Sasa wataalamu wanataka kunasa moja tu, wajue imeangukia wapi na wakati gani.

Tazama Timepix3, kipande cha silikoni kilichotokana na ushirikiano wa watafiti ulio kwenye maabara ya CERN, Geneva. Upande wake ni kama milimita 14, kinatosha juu ya ukucha wa kidole gumba, na kina macho 256 kwa 256, yaani 65,536. Katika kifaa kimoja kinachokitumia, fotoni haiangukii humo moja kwa moja. Kwanza hugonga utando mwembamba na kung'oa elektroni moja. Elektroni hiyo huingia katika sahani yenye mirija midogo sana, ikigonga kuta na kung'oa nyingine, nazo zikang'oa nyingine, hadi upande wa pili zinamwagika maelfu kwa maelfu juu ya jicho. Jicho huandika wakati kwa hatua za nanosekunde 1.56. Katika muda huo mwanga husafiri dhiraa moja hivi, kiwiko hadi ncha ya kidole!

Kifaa chenyewe wengine hukiita kigunduzi. Nachagua kinasa, kama tunavyosema kinasa sauti, kwa kuwa kugundua ni kazi ya anayeisoma picha baadaye. Basi: kinasa-fotoni chenye macho. Utasema jicho la wavu ni uwazi, na la silikoni limejaa. Ni kweli, ila yote mawili hupimwa kwa udogo wake, na la silikoni kwa hakika linaona.

Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi inayovua usiku kwa taa hubaki ufukweni, kwani ziwa zima lina mwanga na taa hazivuti ndakala. Kinasa nacho hushindwa hivyo hivyo mwanga wa pembeni ukiingia. Huo ningeuita mbalamwezi.